Uzi: Kuwinda muusi Alaska kwa Argo, gari la nchi kavu na majini. Piga hesabu ya nyama kwanza, mashine baadaye

MkaziWaKaskazini:

Wakuu salaam. Kila Agosti ikifika kuna mdau ananifuata inboksi anauliza anunue Argo au akodi, maana kaona video watu wanaingia nayo ziwani wanatokea ng'ambo pembe zimefungwa mbele. Nimeona niandike hapa mara moja na wengine wasome. Hii mashine naipenda kweli na kwa sababu naipenda sitaki mtu wetu aingie nayo porini na picha ya uongo kichwani. Kumpata muusi utampata kwa miguu, kwa masikio na kwa kutulia sehemu moja. Kazi ya Argo inaanza mnyama akishaanguka.

Kwa wasiomjua, muusi ndiye mkubwa kuliko wote kwenye ukoo wa kulungu, na wa Alaska ndio wakubwa zaidi duniani. Dume lililokomaa linaenda kilo 540 mpaka 725. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya huku imeshatoa hesabu, kwamba dume la kilo 725 ukishatoa matumbo na kuchuna linabaki kama kilo 430, na nyama ya kula yenyewe inapatikana kama kilo 225. Paja moja la nyuma likiwa na mfupa wake linaweza kupita kilo 50, na kuna maeneo sheria inataka nyama ibaki kwenye mfupa mpaka utoke porini, kwa hiyo huwezi kusema nitachambua pale pale nipunguze mzigo.

Sasa ongeza ardhi. Mwezi wa tisa, ndio msimu sehemu nyingi, ukitoka barabarani tu upande wa Eureka kwenye Glenn Highway, au ukiwa katikati ya Denali Highway ile ya changarawe ya maili 135 kati ya Paxson na Cantwell, unakutana na kitu wanaita maskegi. Ni mboji iliyolowa, juu kuvumwani (vile vimea laini vinavyotanda kama zulia) na vichaka vifupi, na sehemu nyingine chini ardhi imeganda mwaka mzima kwa hiyo maji hayana pa kwenda yanabaki juu. Ukikanyaga panadidimia halafu panarudi kama godoro. Mtu mzima na kilo 40 mgongoni hapo kilomita moja anaitafuta pumzi, na muusi mmoja ni safari nyingi za kwenda na kurudi. Kwadi, yaani pikipiki ya matairi manne, sehemu nyingi inazama mpaka kwenye chasisi.

Argo inatengenezwa Ontario, Kanada, tangu 1967. Bodi ni plastiki nzito isiyopitisha maji, matairi sita au manane, injini imekaa ndani ya hiyo hiyo bodi. Nyingi hazina springi wala shokapu, tairi lenyewe ndio springi, na upepo wake ni mdogo sana, hata psi 10 haufiki, fuata kibandiko cha mashine yako. Matairi yote ya upande mmoja yameunganishwa kwa cheni yanazunguka pamoja, kwa hiyo hata matatu yakikosa pa kushika yale mengine yanaendelea kuvuta. Ndio maana inapita pale kwadi inapozama.

Kasi isahau. Kwenye maskegi mtu anayetembea kwa nguvu mahali pakavu anaweza kuiacha. Na kelele ipo. Anayefikiria atazunguka nayo siku nzima akitafuta muusi, atamaliza mafuta na wanyama wote wa bonde watakuwa wameshajua kuna mtu.

BintiPangani:

Asante kaka kwa uzi. Mimi swali langu la maji. Ina propela? Na kina chake ukiwa na mzigo kikoje, maana sisi pwani tumezoea kuangalia chombo kimekaaje majini kabla hata ya kuuliza kinaenda wapi.

MkaziWaKaskazini:

Dada umeuliza swali ambalo wanaume wengi hawaulizi. Propela hakuna, yale matairi ndio yanapiga kasia, meno ya tairi yanasukuma maji na unaenda kama kilomita 5 kwa saa au chini ya hapo. Kuna watu wanafunga kibao nyuma wanaweka injini ndogo ya boti lakini wengi huku hawana.

Maana yake ni kwamba upepo tu unakushinda. Ziwa limetulia asubuhi unavuka vizuri kabisa, mchana upepo ukishuka mlimani unapiga kasia na bado unasogea pembeni. Mto wenye mkondo usiuguse. Mito ya huku mingi inatoka kwenye barafu za milimani, maji ya kijivu yana vumbi la mawe huoni chini, na yanakimbia. Argo ni ya bwawa, ziwa dogo, na vile vijito vya pembeni vilivyolala.

Na mzigo, hapo ndio kabisa. Mzigo unaoruhusiwa majini ni mdogo kuliko wa nchi kavu, imeandikwa kwenye kibandiko, na watu wanasoma namba ya kwanza tu. Kuna kundi moja nililiona likivuka bwawa, watu wawili na nyama nusu mnyama, mifuko wameipanga nyuma kwa kupandanisha na pembe wamezilaza juu kabisa. Nyuma imekaa chini, ukingo umebaki upana wa kiganja juu ya maji. Dereva akageuza shingo kuangalia mzigo, mwenzake naye akaegemea upande ule ule aangalie, na maji yakaanza kumwagika ndani kwa utulivu tu bila kishindo. Pampu ikawaka, ikawa inatema mkondo mwembamba pembeni huku mengine yanaingia. Bahati ng'ambo ilikuwa karibu na chini pakawa pagumu. Nyama ililowa, na nyama ya mawindo ikilowa maji ya bwawa inaharibika haraka.

Kwa hiyo mzito chini, katikati, usambae mbele na nyuma. Ingia majini taratibu ukiwa umenyooka, toka ukiwa umenyooka, ukingo ukiupanda kimshazari unaweza kulala. Vizibo vya chini ukague kwa mkono kabla hujagusa maji, maana kila mtu akisafisha anavitoa. Jaketi la kuokolea linavaliwa kabla ya kuingia, sio linakaliwa. Maji ya Septemba kule ni baridi ya kufisha vidole ndani ya dakika chache, na mtu mwenye mabuti marefu ya maji hana muda wa kutafuta kamba.

FundiCheni_Edmonton:

Mkuu uzi safi. Mimi niko Edmonton, Kanada, mashine hizi zinapita mkononi mwangu karibu kila wiki, niongezee upande wa ufundi.

Kwanza namna ya kukata kona. Matairi hayageuki kama ya gari. Ukikata kushoto mashine inapunguza upande wa kushoto kwa breki na upande wa kulia unaendelea, basi inazunguka. Sasa dereva mgeni anashikilia usukani muda mrefu kwenye tope zito, breki zinapata moto, harufu ya kuungua inatoka, halafu anashangaa mashine haikati tena. Kata kidogo, achia, kata kidogo, achia. Na uwe kwenye gia nzito, ile ya nguvu, usilazimishe gia nyepesi ya mwendo kwenye tope, belti inaungua.

Pili cheni. Ziko ndani ya bodi huzioni, na watu wakishaziacha wanakumbuka siku inakatika. Cheni ikilegea inaruka meno ya sproketi, ikikatika kilomita 20 kutoka barabarani na nyama ndani huo ni mtihani. Kaza kwa kipimo, paka mafuta, beba pingili za akiba na kifaa cha kuunganishia. Beringi za ekseli grisi baada ya kila safari ya majini, maji yakiingia mle zinaanza kulia na hazitapona.

Tatu, hili halisemwi kabisa. Nyasi na majani makavu yanaingia ndani ya bodi yanajikusanya karibu na ekzosi. Zinaungua. Bodi ni plastiki, moto ukishika hubaki na kitu. Kila ukisimama kupumzika fungua kifuniko cha injini toa takataka, na kizima moto kikae mahali mkono unafika ukiwa umekaa.

KipangaMweusi:

Kwangu mimi bado ndege ni bora. Unashushwa kwenye kokoto za mto, unawinda, unaitwa. Hakuna tope hakuna cheni.

MkaziWaKaskazini:

Mkuu ndege ni njia nzuri sana na wengi wanaitumia, sikatai. Ila zile ndogo zinazotua kwenye kokoto zinabeba kidogo, muusi mmoja anakuwa safari kadhaa na kila safari ni hela, na hali ya hewa ikifunga unakaa na nyama yako. Halafu kumbuka sheria ya huku, ukishapanda ndege ya namna hiyo, siku hiyo huruhusiwi kumpiga muusi mpaka saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Na hata ukishuka kwa ndege, kutoka pale mnyama alipoangukia mpaka kwenye kokoto ni mgongo wako.

Hapo ndio niseme kanuni ninayoishika kwa nguvu zote. Kabla ya kufyatua, unamwangalia muusi alipo na unajiuliza Argo itafika wapi, na kutoka hapo mpaka kwa mnyama ni umbali gani wa kubeba. Kama jibu ni baya, unamwacha. Hata awe na pembe za namna gani. Muusi akipigwa anapenda kukimbilia maji, anafia katikati ya bwawa la kina cha kiuno, na hapo kumchuna ni kazi ya usiku kucha ndani ya maji baridi. Msubiri atoke mahali pakavu.

KijanaWaNzega:

Mkuu kwa hiyo unaweza kumpiga ukiwa umekaa humo humo kwenye mashine?

MkaziWaKaskazini:

Sheria inasema injini iwe imezimwa kabisa na mashine imesimama, haisogei kwa nguvu ya injini. Kumfukuza au kumswaga mnyama kwa mashine ni kosa kubwa. Ila mimi nasema ukiwa bado umekaa kwenye Argo hujaanza kuwinda. Namna inavyofanywa na wanaojua ni hivi: unaingia na mashine siku moja kabla, unaiegesha chini ya kilima upande ambao upepo hauendi kwa wanyama, unapiga kambi, na kuanzia hapo ni miguu. Alfajiri unapanda mahali unaona bonde zima na darubini. Mwisho wa Septemba madume yanatafuta majike, unaita sauti ya jike, mlio mrefu wa puani, halafu unakaa. Unachukua mfupa mkavu wa bega unaukwaruza kwenye vichaka vya mierebi kama dume linasugua pembe. Halafu unakaa tena. Dume linaweza kukusikia kutoka zaidi ya maili moja na likachukua saa nyingi kufika, na mtu aliyehamahama na mashine anakuwa ameshaondoka.

Ukimsikia anakuja, ni mguno mfupi kila hatua chache, na matawi yanavunjika bila haraka. Kisha pembe zinatokea juu ya mierebi kabla hujaona mwili. Hapo unahakikisha ni halali, yuniti nyingi, yaani maeneo ya uwindaji ambayo jimbo limegawanywa, zinataka pembe zenye upana wa inchi 50 au idadi fulani ya ncha za mbele, na kitabu cha kanuni kinabadilika kila mwaka, soma cha mwaka huo. Ukiwa na shaka usifyatue.

Ustadh_Minneapolis:

Assalaam alaykum. Ndugu yangu vipi kuhusu uhalali wa nyama? Hapa tuko familia kadhaa tunataka kuchangia safari lakini wazee wanauliza habari ya kuchinja.

MkaziWaKaskazini:

Waalaykum salaam Ustadh. Wewe unajua zaidi yangu, ila nilivyofundishwa ni kwamba mawindo unataja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, ukimkuta ameshakufa kwa risasi ile ni halali, ukimkuta ana uhai unamchinja. Kwa usalama lakini naomba sana, muusi aliyelala msiende mbele yake. Mfuateni kwa nyuma upande wa mgongo, mtu mmoja tu, bunduki tayari, gusa jicho kwa kijiti kirefu. Miguu ya mbele ya huyu mnyama inaua.

Jingine la familia: wanaoishi nje ya Alaska wasije wakidhani ni kununua leseni tu. Mtu ambaye si raia wa Marekani na pia si mkazi wa Alaska lazima awe na mwongozaji mwenye leseni kwa mnyama yeyote mkubwa, gharama yake ni kubwa. Ukazi ni miezi 12 mfululizo. Na aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1986 kwenye yuniti kadhaa, 13 ikiwemo, anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji.

MamaMisitu:

Naomba niseme kitu na msinichukulie vibaya. Nimeishi Fairbanks, huko huko Alaska, na nimeona njia za mashine hizi kwenye tundra, zile nyanda za baridi zisizo na miti. Makovu yale hayaondoki. Ukivua lile blanketi la kuvumwani juu ya ardhi iliyoganda, jua linaingia, barafu ya chini inayeyuka, panakuwa mtaro, mtaro unakuwa kijito. Anayefuata anakwepa mtaro anapita pembeni, kesho kutwa njia ina upana wa uwanja. Nyama naipenda na mimi lakini tusifundishane nusu.

MkaziWaKaskazini:

Mama umesema kweli na nakushukuru, hili nilitaka kulifikia. Makovu ya miongo iliyopita bado yanaonekana ukipanda ndege ndogo. Tairi laini na pana linaumiza kidogo kuliko kwadi lakini linaumiza, hasa unapokata kona kwa nguvu, maana yale matairi yanakwaruza badala ya kuzunguka, yanavua kuvumwani yote. Kona ndefu pole pole mahali pagumu, na usigeuze mashine juu ya maskegi kama unaweza kwenda mbele ukageuzie kwenye kokoto.

Na sheria zipo. Ardhi ya jimbo kwa ujumla inaruhusu chombo cha nje ya barabara chenye uzito mtupu usiozidi ratili 1,500, ambayo ni kama kilo 680. Argo nyingi zinaingia humo, ila ukishafunga minyororo ya mpira ya kuzungushia matairi, winchi na paa la chuma angalia upya. Kuna maeneo ya matumizi maalum ambayo mashine haziruhusiwi kabisa kwa uwindaji, kwa mfano Clearwater Creek pale pale Denali Highway, na hapo hata kubebea nyama hairuhusiwi. Watu wanaona njia ya zamani wanadhani ni ruhusa.

Na mito ya samaki. Kwa sababu chombo kinaelea mtu anaona kila maji ni barabara. Vijito ambavyo salmoni wanapandia kuzaa vimeorodheshwa, na kuvuka na gari unahitaji kibali cha idara. Mayai yanakuwa ndani ya kokoto, tairi linapita juu yake, huoni chochote na umeua samaki wa miaka ijayo. Watu wa vijiji vya huku wanaishi kwa salmoni. Sisi wageni tuwe wa kwanza kuheshimu hilo.

BintiPangani:

Na baada ya kuchuna? Nyama inakaaje siku zote hizo bila friji?

MkaziWaKaskazini:

Adui ni joto, maji na inzi. Unachuna haraka ngozi itoke, maana manyoya ya muusi yanashika joto hata usiku wa baridi na nyama ya karibu na mfupa wa paja inaoza kutokea ndani. Vipande vinaingia mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, kamwe sio plastiki, vinaning'inizwa kwenye nguzo chini ya turubai lililoinuliwa upepo upite. Vikipata ukoko mkavu juu vinakaa vizuri siku kadhaa za Septemba.

Nyama isogeze mbali na matumbo, kama mita 100, mahali wazi. Dubu atakuja kwenye matumbo, swali ni lini. Ukirudi kuchukua mzigo wa pili, simamisha Argo mbali kidogo, zima, simama juu uangalie na darubini, piga kelele. Ndio maana nasisitiza watu wawili na mashine mbili kama inawezekana, na kifaa cha setilaiti cha kuomba msaada kikae mwilini mwako, sio kwenye begi.

Sheria inakulazimisha kutoa nyama yote: mapaja, mikono, mgongo, shingo, mbavu, kidari. Na pembe hazitoki mpaka nyama yote itoke, zinaruhusiwa kupanda na mzigo wa mwisho. Hii ndio sheria ninayoipenda kuliko zote. Mbavu za muusi na ugali, wakuu, acheni tu.

KijanaWaNzega:

Swali la mwisho mkuu. Ninunue au nikodi? Zipo za mkononi naona bei nafuu.

MkaziWaKaskazini:

Mdogo wangu kodi kwanza, msimu mmoja, na mtu anayeijua. Mpya kubwa za matairi manane zinapita dola 20,000, na bado trela, spea na gari la kuivuta.

Ya mkononi ukienda kuiangalia usihangaike na rangi. Mwambie muuzaji afungue sakafu. Ukikuta udongo na maji ya zamani, cheni zina kutu, ondoka. Inyanyue upande mmoja kwa jeki zungusha tairi kwa mkono, beringi ikiwa imekufa utaisikia. Tafuta nyufa kwenye plastiki hasa chini na kuzunguka ekseli. Washa pampu ya maji mwenyewe. Iendeshe ikate kona pande zote mbili mpaka ipate moto, unuse. Halafu muombe muingie nayo bwawani mkae nusu saa injini imezimwa, na utazame ndani maji yamefika wapi. Akikataa hilo, jibu umeshapata.

FundiCheni nakuomba uweke picha za cheni inavyotakiwa kukazwa, na mwenye swali la vibali vya yuniti 13 aniandikie mapema kabla ya Agosti.